Jino la Winifred

Mimi ndiye niliyeshika tochi
usiku ule wa Machi, Winifred Ackroyd alipoketi
kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni,
koleo la marehemu mumewe limechemshwa sufuriani.
Daktari wa meno wa karibu yuko Leeds,
na Leeds walisema: orodha imejaa,
jaribu tena mwakani.
Akapiga funda la wiski. "Usitikise mwanga."
Sikutikisa. Nilifumba macho tu.

Likatoka kwa mlio
wa mlango wa kabati kuukuu.
Tukaliosha. Akalitia katika kijisanduku cha kibiriti,
akakiweka juu ya meko, kando ya saa.
"Hili," akasema, pamba mdomoni, "lina safari."

Mei wakaja.
Huja kila Mei, pamoja na mafua ya chavua.
Safari hii alikuwa kijana, koti jipya, vipeperushi kwapani,
akikwepa mashimo ya barabara yetu
ambayo sisi wenyewe tumeyapa majina:
lile la kona ni Waziri wa Fedha,
kila likitiwa halishibi;
na lile kubwa, mbele ya kinyozi, ni Waziri Mkuu.
Hilo tuliliwekea kibao,
tukafuta jina, tukaandika, tukafuta,
hata rangi ikatuishia.

Alicheka jino pembe.
"Habari za asubuhi, mama. Nini kinakukera?"
Winifred hakutaja basi namba ishirini na saba,
lililofutwa bila hata kuagwa.
Hakutaja maktaba, ambayo sasa inauza sigara za mvuke.
Hakumtaja mjukuu wake Kieran, alalaye sebuleni,
mshahara wake wote ni nauli
na nusu ya bili ya gesi.
Alikwenda mekoni. Akafungua kibiriti.
"Shika."

Kijana akashika.
Alilipokea kwa adabu,
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe
asijue atamrudisha lini.
Akasema, hili ni jambo zito.
Akasema, tutaliangalia kwa kina.
"Kina kipi tena?" Winifred akauliza.
"Mzizi si huo hapo?"

Mimi nikacheka. Yeye masikio yakamwiva,
na kwa kitambo nikamhurumia:
labda katumwa tu,
labda naye ana lake linalomuuma usiku.
Akatafuta kalamu. Yake ilikuwa imekauka.
Winifred akampa ya kwake, ile ya fedha
aliyozawadiwa na kiwanda cha blanketi
siku kiwanda kilipofungwa.
Kijana akaandika kitu, mstari mmoja, pengine neno moja,
akarudisha jino, akashukuru, akaenda zake
na kalamu.

Alhamisi ikanyesha.
Tulikwenda kwa miguu, wawili, mwavuli mmoja,
hadi ukumbi wa kanisa.
Yule kinyozi akatuita kutoka mlangoni pake:
"Mnajisumbua nini? Wote ni walewale,
akishuka huyu anapanda shemeji yake."
"Najua," akajibu Winifred,
na neno likapitia penye pengo
likatoka na upepo kidogo.
Hatukugeuka.

Ndani ya kibanda cha mbao
mlikuwa na penseli, fupi kama kidole gumba,
imefungwa uzi mezani
ili tusiiibe.

Nilimsikia, kibanda cha pili, akianza kucheka.
Alicheka mpaka msimamizi akakohoa,
mpaka mzee mmoja mwenye mbwa
naye akaanza kucheka, bila kujua sababu.
Kisha kimya. Kimya kirefu,
zaidi ya muda wa kutia alama moja.

Alipotoka sikumuuliza kampa nani.
Nilichungulia tu nikipita:
penseli ilikuwa ukingoni kabisa mwa meza,
na uzi umenyooka, umekazika,
kama mtu aliyeuvuta kwa nguvu zake zote
apime
unafika wapi.