Risiti ya Luanda

Gari lilikuwa refu kuliko hotuba ya mgeni wa heshima,
jeupe, riboni mbili za zambarau puani,
nami nimelisugua tangu alfajiri pale Nyalenda
hadi majogoo wa jirani wakajiona ubavuni mwake
wakataka kupigana.

Nyuma, mbali nami kama chumba cha pili,
Apondi na shangazi zake watatu,
safari ya Funyula, kwa wakwe.
Maseno tulivuka ikweta, hakuna aliyetutoza.
Mstari wa kaunti ndio wenye mapipa mawili,
ubao wa misumari,
na Bwana Amwayi na kitabu chake cha stakabadhi.

"Kibali?"
Akakisoma hadi upande usioandikwa.
"Hiki ni cha Kisumu. Hapa ulipo ni Vihiga."
Nikamwambia, mkubwa, mimi na usukani ndio tuko Vihiga.
Bibi harusi bado yuko Kisumu.

Akaenda nyuma kutazama. Hakucheka.
Akatoa utepe wa fundi cherehani
akalipima gari kama anayelishonea jitu suruali.
Shangazi mmoja akashusha kioo,
akauliza kama hiyo nayo ni mahari.

Kisha fomu, na visanduku vya kutia tiki:
teksi, tuktuk, bodaboda, lori la mchanga,
trekta la miwa, gari la ng'ombe.
Kalamu ikazunguka juu ya karatasi
kama mwewe asiyeona kifaranga.
Trela? Trela ada yake elfu nane.
Basi? Basi liwe na kondakta.
Jua likapanda. Marashi yakaanza kuchacha.
Simu ikaja toka Funyula: fahali keshachinjwa,
padri ana ubatizo saa nane.

Ndipo Amwayi, kwa sauti ya mtu anayekopesha,
akasema, "Liko moja linalovuka kaunti zote bure."
Akatia tiki kisanduku cha mwisho.

Gari la maiti.
Mwili: mmoja. Waombolezaji: watatu.
Penye jina la marehemu akaacha wazi;
alikuwa na adabu zake.

Yala wakatupisha. Ugunja askari alivua kofia,
akabaki nayo kifuani
huku vigelegele vikimwagika madirishani.
"Mwaona," shangazi wakasema,
"mwaona anavyoheshimiwa mtoto wetu!"
Nikakanyaga mafuta, karatasi chini ya paja,
ikiniunguza kama chapati ya moto.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?
Sasa ana watoto wanne, anauza omena kwa jumla,
sauti yake yafika ng'ambo ya soko.
Risiti ningali nayo. Haina tarehe ya kwisha.
Na kila anaponipigia simu
nasikiliza pumzi kwanza,
ndipo naitika.