Msuli Usiolipa Kodi

Alfajiri ya baridi, umande juu ya nyasi,
Kibandani sisi kedi, twanywa chai kwa nafasi,
Odera kwa makusudi, katupa neno la kasi:
“Huu wa mabosi huu, ni mchezo au nini?”

Ng'ambo ya ua mabati, ya Kibra yamebanana,
Huku nyasi, kama shati, pasi zimepigwa sana;
Kule maji ni kwa noti, huku yamwagwa mchana;
Garimoshi hukatiza, likipiga honi ndefu.

“Nilikimbia Nyayoni, mizunguko miwili tu,
Nikafika utepeni, mate ni ladha ya kutu,
Nikatapika chooni, miguu si yangu katu;
Hawa hutembea pole, jasho hupewa na jua.”

Nafula, yule bondia, akashika zake mbavu:
“Wewe ulikimbilia, utepe, pasi na kovu;
Raundi ya sita pia, nasimama, kinywa povu.
Aliye fiti ni yule, anayeinuka chini.”

Mutiso naye akaja, mfano wa Marikiti:
“Yupo jamaa mmoja, mkokoteni na shati,
Gunia sita pamoja, avuta bila ya cheti;
Nani akampimia, mapigo yake ya moyo?”

Mimi sikusema neno, miaka kumi na tisa,
Kilo kumi, tena tano, begani mpaka sasa,
Natembea kwa maneno, ya kimoyomoyo hasa;
Mashimo kumi na nane, mara mbili Jumamosi.

Kama huu si mchezo, basi mimi huwa nani?
Jioni ashika tuzo, kitambi kiko shatini,
Nami nikiwa na wazo, nafuta tope vyumani.
Alicheza yeye? Sawa. Lakini nani kachoka?

Jumatatu siku yetu, uwanja hupewa kedi,
Odera bila viatu, kashika fimbo kaidi,
Akapiga mara tatu, hewa tu ikafaidi;
Mpira pale, mweupe, uliketi kutucheka.

Nafula kwa nguvu zake, akachimba shimo refu,
Bonge na mizizi yake, likapaa kama sufu,
Mpira, na pozi zake, hatua moja hafifu;
Mutiso, bega la chuma, kaupeleka bwawani.

Nami, mpaji shauri, wa upepo na vilima,
Nilijipanga vizuri, magoti, kiuno, nyuma,
Nikapiga kwa fahari, msuli ukanichoma.
Msuli, umehamia, lini humu bila kodi?

Kapita Bwana Ngatia, goti bovu, pumzi fupi,
Ngazi mbili apumua, auliza kiti wapi;
Fimbo akaichukua, hakuuliza ni ipi.
Ta! Mpira ukaenda, kama umeitwa kwao.

Shingo zote zikapinda, kufuata ile chembe,
Ikatua, ikadunda, ikalala kama ng'ombe.
Ngatia kashindwa kwenda, kapewa kiti, kikombe;
Akahema kama mtu, aliyetoroka moto.

Sasa nani ndiye fiti? Swali limezaa swali.
Fundi asiye na goti, au mimi wa misuli?
Odera kang'ata njiti: “Hiyo shabaha, si mwili.”
Nafula: “Na mwili basi, bila shabaha ni nini?”

Mutiso akainuka: “Mleteni wa viazi!”
“Huyo wapi atafika? Hana muda, ana kazi.”
Kimya hapo kikashuka, kikatanda kama ngozi.
Kumbe kabla ya misuli, yatakiwa saa tupu.

Jumanne nikarudi, mkoba wake begani,
Mpangaji mkaidi, akabisha ubavuni;
Ngatia kanena, “Kedi, unacheka kitu gani?”
Nikampa namba saba. Upepo watoka Kibra.