Miaka Minne, Gawa kwa Nne

Miaka minne. Gawa kwa nne, ongeza nne.
Tano.
Hesabu ya darasa la tatu, na bado naifanya mara mbili,
naiandika kwa kalamu mgongoni mwa glavu.
Mrija namba tano mezani. Nne na nusu kando yake.
Tano na nusu pia, maana watoto wa Mpwapwa
hawazaliwi kwa kufuata kitabu.

Asubuhi nilimuuliza mama: amekula?
"Hajala kitu, dokta." Mimi si dokta, ila sikumsahihisha.
Nyemo akatoa kidole mdomoni:
"Nimekunywa uji. Wa uwele. Bibi katia karanga."
Mama akatazama sakafu.
Nani amnyime mwanawe uji
siku anayompeleka kukatwa?
Tukangoja hadi saa nane,
upepo ukimwaga vumbi kwenye nyavu za dirisha.

Sasa kalala. Kichwa kizito, shingo haipo,
kidevu kinaangukia kifuani.
Nakunja kitenge cha mama, nakiweka chini ya mabega,
njia inanyooka.
Ulimi nausukuma kushoto. Taa.
Nyuzi mbili nyeupe, zinafunguka, zinafunga.
Hodi, nasema kimoyomoyo. Kila mara nasema.
Kulia hewa. Kushoto hewa. Tumboni kimya.

Ngiri ilishonwa kwa dakika arobaini.
Ni wakati wa kutoka ndipo mlango ulipojifunga:
mrija nimeshautoa, kifua kinavuta,
hakiingii kitu.
Midomo ikaiva rangi ya zabibu za Hombolo.
Mlio wa mashine ukateremka ngazi,
tisini, themanini na mbili, sabini,
na Chilewa, aliyekuwa akihesabu mikasi, akaacha kuhesabu.
Nikabana barakoa. Vidole nyuma ya taya, taya mbele.
Mfuko wa hewa nikaushika tu, sikuukamua kwa hasira.
Koo la mtoto halivunjwi kwa teke.
Dawa ilikuwa tayari kwenye sindano,
jicho langu moja likiwa hapo.
Nilihesabu, sijui mpaka ngapi.

Kisha kitu kikalegea chini ya kidole changu kidogo.
Mfuko ukapumua mkononi mwangu
kama mbuzi mchanga.
Halafu kilio, kikali, cha matusi,
kikapita mlango wa chumba na wa pili.

"Mbona analia?" mama akauliza koridoni, kasimama.
Nikakikung'uta kitenge chake, nikamrudishia.
Akakishika kwa mikono miwili.
Akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama uji sasa unaruhusiwa.