Kilo Mbili na Robo

Juu imeandikwa wati elfu mbili,
herufi za dhahabu, ndimi za moto pembeni.
Ubavuni, pale ambapo mteja hatazami,
fyuzi moja ya bluu: kumi na tano.
Hesabu zangu ni za darasa la saba
lakini kumi na tano mara kumi na mbili naijua.
Mia na themanini, na hapo joto halijadai chake.
Fyuzi haina mdomo wa biashara.

Ndalahwa kaiweka mezani kama mtu aliyeleta kuku aliyekufa.
Kirikuu yake kaiacha barabarani, mlango wazi,
spika mbili za pembe juu ya kabini zimekodolea Mabatini.
"Imekata pumzi Igoma," anasema.
"Nilikuwa na tangazo la msiba.
Nikataja jina. Nikataja ukoo, watoto, wajukuu walioko Geita.
Kufika kwenye saa ya mazishi, kimya.
Ikatoka harufu ya plastiki.
Kuna watu wamefika kaburini jioni,
udongo umeshaanza kukauka."

Nachukua bisibisi ya nyota. Skrubu nne,
mbili zinazunguka bila kushika kitu.
Bati la chini jembamba kama kopo la maziwa.
Ndani,
kapasita imevaa koti la kaka yake,
ulivue, unakuta kitu cha ukubwa wa kidole cha mtoto;
koili ya waya uliopakwa rangi ya shaba,
kwaruza kwa wembe, weupe wa alumini unakucheka;
transista nne, mbili zimepasuka tumbo,
na mbili nyingine, naapa, hazijaunganishwa na chochote,
zimesimama tu, kama wapita njia kwenye picha ya harusi.
Na kwenye kona, kimegandishwa kwa gundi nyeusi,
kipande cha zege.

Zege, ndugu yangu. La kujengea.

Kabula wa dagaa, jirani yangu ukuta kwa ukuta,
kasikia ninavyotukana, kaja na mzani wake.
Pamoja na zege: kilo mbili na robo.
Bila zege: kilo moja na kitu, mshale unasitasita.
Anacheka mpaka anashika meza.
"Kumbe na nyie mnatia mchanga!
Na mimi ndiye ninayesemwa Mwaloni nzima."

Ndalahwa hacheki.
Anatazama rafu ya juu, ile ya Kijapani
niliyoichomoa kwenye Korola iliyopinduka Usagara.
Wati hamsini mara nne, maandishi madogo, kama inaona haya.
Mapezi yake manene, yana makovu.
Niliifungua mara moja tu, nikafuta vumbi,
nikakosa cha kutengeneza, nikafunga.

"Hiyo bei gani?"
"Laki mbili na nusu."
"Laki mbili na nusu, chakavu! Na hii ni mpya."
"Hiyo ni ya elfu sabini na tano."
Kimya kidogo.
"Sijakwambia bei. Umejuaje?"

Kwa sababu boksi kumi na mbili nilizileta mimi,
Desemba, kutoka Kariakoo, kwa basi la usiku,
nikampa kijana wa Makoroboi azitembeze.
Nilizipima kwa mkono pale dukani,
nikasema moyoni: nzito hizi, zitakuwa nzuri.
Mimi, fundi, mwenye bisibisi mfukoni,
sikufungua hata moja.

Kabula kabeba mzani wake, karudi zake.

Ndalahwa alikuwa na elfu arobaini. Nimeipokea.
Nimeifunga ile ya Kijapani chini ya kiti chake,
waya mpya, fyuzi ya thelathini.
Akashika maiki. Nilidhani atasema moja, mbili, moja, mbili.
Akasema, "Saa nane mchana,"
akanyamaza, akasema tena, "Saa nane,"
sauti safi, mpaka mama wa chapati ng'ambo ya pili
akatazama simu yake, akashangaa: ilikuwa saa kumi na moja.

Zege limebaki kwangu. Gramu mia nane na ushee.
Upepo wa ziwa ukianza jioni
linashikilia daftari, ukurasa ule
nilioandika namba, mbili mpaka kumi na mbili,
majina bado.