Kabla ya Jina

Banda la Nyanzala lilikuwa Kirumba, nyuma ya Mwaloni,
bati juu, turubai ubavuni, mabenchi sita,
jenereta iliyokohoa kumshinda bibi yangu.
Mlangoni alikaa Magesa, na sheria yake ilikuwa moja:
watoto wasio na hela wasimame nyuma
hadi jina la picha litokee.
Jina likitokea, nje.

Ndiyo maana nimeona mianzo isiyo na idadi
na miisho minne, mmoja kwa sababu Magesa alisinzia.

Sikujua nani aliolewa, nani alichomwa kisu.
Ila nilijua, kabla ya waliolipa,
nani angetoka anapangusa macho.
Herufi nyembamba zikiingia polepole,
kama mgeni anayevua viatu kizingitini:
mapenzi, na mmoja wao hatavuka masika.
Herufi nene, za pembe, kila moja ikitua kwa kishindo: ngumi.
Herufi zilizopinda, zikikanyagana
kama abiria wa kivuko cha Kamanga:
cheka tu, hakuna atakayezikwa.
Na zile zilizokuja bila sauti yoyote,
nyeupe, katikati ya giza,
hizo zilimfanya Magesa mwenyewe
asogeze kigoda kuelekea kwenye mwanga.

Kilichobaki nilikimalizia nje, sikio kwenye turubai,
miguu kwenye magamba ya sangara.

Leo nalipwa kwa kazi hiyohiyo.
Chumba cha juu, Mkuyuni, feni moja, kompyuta ya mkopo.
Ntobi kaleta picha yake: Minza anarudi Igombe
baada ya matanga, kudai nyumba ya baba yake
kwa kaka zake watatu wanaomkaribisha vizuri mno.
"Nataka damu," anasema. "Jina lichuruzike."
Nani anauawa?
"Hakuna. Lakini watu washtuke, wakae."
Nikamwambia, Ntobi, mwanzo ni deni.
Ukining'iniza damu mlangoni, utadaiwa maiti.

Alikuwa na kipande cha sekunde arobaini, cha alfajiri:
nguzo ya moshi imesimama juu ya ziwa.
Si moshi. Ni wale wadudu wetu,
wanaopanda majini kwa mamilioni kuja kufia kwenye taa zetu.
Mtu wa Mwanza anawajua, hufunga madirisha na mdomo.
Mgeni angeita zimamoto.

Nikaweka ngoma nzito chini yake: kijiji kinaungua.
Nikaitoa, nikaweka filimbi: mtu kasahau maharage jikoni.
Nikaweka kinanda, noti mbili, mbalimbali:
roho ya marehemu inapaa, haina haraka.
Moshi ni uleule.
Ntobi akajikuna kidevu.

Saa nane usiku nikazima vyote.
Nikaacha ufagio.
Shwaa. Shwaa. Mfagiaji haonekani bado,
anazoa barazani wafu wa jana
ili wa leo wapate pa kuangukia.
Jina nikaliweka chini, kushoto, dogo,
kama namba ya simu ya fundi kwenye ukuta alioujenga.
"Hii sasa ni picha ya nini?" Ntobi akauliza.
Sikujibu. Nilimwona anasogeza kiti,
kidogo tu, kuelekea kwenye taa.

Siku ilipooneshwa, ukumbi ulijaa hadi ngazini.
Ufagio ulianza gizani.
Mtu mmoja akaacha kutafuna karanga.
Na jina lilipotokea
miguu yangu ilisimama yenyewe,
ikaanza kutafuta mlango.
"Kaka, kaa chini," mama mmoja nyuma akasema,
"unatuziba."