Leo Pia

Walimwambia Nyemo: baba amelala.
Akaingia ndani, akaleta shuka la bluu,
lile la baba, lenye tundu la sigara.
Walimwambia: ametutoka.
Akauliza, kwa mlango upi?
Ametangulia, akasema katekista,
na Nyemo akavaa viatu.

Msibani wakanong'ona:
mtoto gani huyu, hana hata chozi.
Mimi niliona vidole vyake
vikihesabu mafundo ya kamba za turubai,
yalipoisha vikaanza upya.
Vilio vilipopanda akaziba masikio.
Nikampeleka stoo, tukakalia makreti ya zabibu,
giza, harufu ya salfa,
mikono yangu nimeibana mapajani
maana hapendi kushikwa.

Nikatafuta maneno yasiyo na nguo.
Nyemo, baba amekufa.
Moyo wake umesimama.
Hasikii baridi, hasikii maumivu.
Hatarudi.
Yalinichana mdomo.
Alikuwa kaka yangu,
na nilikuwa sijamwambia mtu hivyo,
hata mimi mwenyewe.

Akalikunja shuka mara nne.

Sasa ni majira ya kupogoa hapa Hombolo.
Anakata mstari wa baba tu, mingine haigusi,
macho mawili kila tawi, kama alivyofundishwa.
Saa kumi na mbili, saa ya pikipiki kurudi,
anasimama getini.

Shangazi, baba amekufa?
Amekufa, Nyemo.
Leo pia?
Leo pia.