Chenga

Padri Besarioni alitamka mlangoni, kabla hata ya salamu:
humu ndani hakuna flashi.
Michoro ya ukutani ina miaka mia tisa,
na mwanga wa ghafla huila kama nondo.
Nikaisokomeza flashi mfukoni mwa koti,
pamoja na tiketi ya basi la kurudi Kutaisi.

Kanisa lenyewe dogo kama ghala la mahindi,
dirisha moja, upana wa kiganja,
na theluji ya Ushguli imeliziba hilo moja.
Mishumaa minane. Niliihesabu.
Mtoto Gegi, miezi mitano, uchi juu ya karai la shaba,
na ukoo mzima umejibana ukutani na makoti yake,
weusi juu ya weusi.

Kamera yangu ni ya mkono wa pili.
Wa tatu, nikisema kweli.
Kwenye ISO mia mbili ni malaika.
Kwenye elfu tatu huanza kukohoa.
Siku ile niliizungusha hadi namba zilipokoma,
elfu ishirini na tano na mia sita,
nikabana viwiko mbavuni, nikazuia pumzi,
nikapiga.

Usiku, chumba cha wageni, kuni zikilia jikoni,
nikazifungua picha kwenye kompyuta.
Chenga.
Chenga kama za televisheni ya marehemu baba
upepo ukigeuza antena;
chenga kama za mchele wa bei ya chini,
nyekundu, kijani, zambarau penye vivuli,
na mistari miwili imelikata paji la padri.
Nilitukana kimoyomoyo.
Nikaanza kuhesabu malipo ya awali niliyokwisha kula.

Ipo programu ya kusafisha. Unavuta kitelezi kulia,
kelele zote zinanyamaza.
Nikavuta. Maji yakawa plastiki.
Gegi akawa sabuni.
Ukuta wa nyuma, karibu na mlango, ukawa laini,
laini mno, kama kitu kilichopigwa pasi.
Ulaini ule ulinikera. Nikarudisha kushoto.

Chenga zikarejea kama nzi,
na katikati yake, karibu na mlango,
sikio. Kola iliyopandishwa. Nusu ya sharubu.
Mtu.

Asubuhi nilimwonyesha Ivlita, bibi wa mtoto,
nikitanguliza radhi kwa ubora wa picha.
Huo ubora hakuusikia.
Aliweka kidole kwenye kioo, kidole chenye unga,
akataja jina: Bimurza.
Mwanawe. Miaka kumi na mmoja tangu ugomvi wa malisho,
miaka kumi na mmoja akiwapiga chenga,
harusini hayupo, mazikoni hayupo,
na jana alisimama pale, wote wamempa mgongo
wakitazama maji,
akatoka kabla mishumaa haijazimwa.

"Huwezi kumsafisha kidogo?" mkwewe akauliza.
Nikamweleza: chombo hiki hakitofautishi sharubu na vumbi.
Nikimsafisha, ataondoka tena.

Ivlita akafuta unga kwenye kioo kwa aproni,
taratibu, asiguse pale mlangoni.
"Mwache na chenga zake. Chapisha kubwa. Nakala mbili."
Anwani ya ile ya pili aliiandika kwa penseli,
bila kumuuliza mtu, bila kufungua daftari:
karakana ya matairi, nyuma ya stesheni, Zugdidi.